Vinundu vya Kurithi

Msije kunionea huruma. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu kila kijana anayekuja kunisalimia siku hizi hapa Gitega ananitazama kama mtu anayetazama ukuta wenye ufa. Ananiuliza polepole, "Mzee Rama, moyo unaendeleaje?" Moyo unaendelea kunisumbua, na mimi naendelea kuusumbua. Mpaka sasa tuko sare.

Wengine wanakuja na neno jingine. Eti mtu aliyechoma nyama maisha yake yote anapata wapi mdomo wa kufundisha watu habari za moyo? Ninaupata hapo hapo jikoni. Sikuwahi kuona aibu ya kuchoma mishikaki na sitaanza uzeeni. Nimelisha madereva, walimu, maharusi na waliotoka kuzika. Kaeni niwaeleze kazi, na ndani ya kazi niwaeleze kilichowapata watu wa kwetu, halafu ndipo mseme kama nina mdomo au sina.

Kwanza kazi yenyewe. Nyama ya mbuzi haitaki kukimbizwa. Nyinyi vijana mnawasha makaa, moto bado unarusha ndimi, nyama tayari iko juu. Nje inaungua, ndani inatoa damu. Subiri makaa yavae majivu meupe. Weka kiganja juu yake. Ukiweza kusoma Bismillahi mpaka mwisho bila kuuondoa mkono, moto umekomaa. Vijiti vyetu tulikuwa tunavitengeneza kwa njiti za magurudumu ya baiskeli, tunazinoa kwenye jiwe, halafu tunazichoma tupu mara ya kwanza ili harufu ya chuma itoke. Kati ya pande na pande unaweka kitunguu, na juu kabisa kipande cha mafuta, kikiyeyuka kishuke kiwalainishe wenzake. Hicho kipande cha mafuta ndicho wateja walikigombania. Nimewahi kuona mabwana wawili wenye suti wanasukumana kwa ajili yake.

Kazi hii nilizaliwa ndani yake. Baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa na bucha Muyinga mjini, kwenye mtaa wetu wa Waislamu, ambako kila nyumba ina shughuli yake: huyu anashona, yule anauza vitambaa, yule anatengeneza viatu. Sisi tulikuwa watu wa nyama. Na tulikuwa na alama yetu. Ukikunja ngumi, juu ya vifundo vya vidole palitokeza vinundu vigumu, kama punje za mahindi zilizofichwa chini ya ngozi. Baba alikuwa navyo. Kaka yangu mkubwa, Issa, alikuwa navyo. Vyangu vilipoanza kutokeza nikiwa kijana, nilifurahi kama mtu aliyepewa cheo. Baba aliushika mkono wangu akawaonyesha wateja.

"Muone," alisema. "Mikono ya bucha. Huyu ni wetu kabisa."

Tuliamini vinatokana na kushika shoka la kukatia mifupa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini seremala jirani yetu, aliyeshika nyundo tangu utoto, hakuwa na hata kimoja.

Baba alianguka mbele ya bucha asubuhi ya soko, ndevu zake hazijapata hata mvi. Kaka yake alikuwa ametangulia, alianguka shambani akiwa amebeba mkungu wa ndizi. Mji ukasema wamerogwa, wenzao wa biashara wamewawekea kitu. Kwetu mwanaume akifika umri fulani, watu walianza kumtazama kwa pembeni, wakimsalimia kwa upole kuliko kawaida. Mi nilichukia ule upole. Hata leo ndio sababu sitaki mniulize habari za moyo kwa sauti ya matanga.

Basi Issa akarithi bucha, mi nikahamia Gitega na jiko langu. Hapo ndipo nilipompata Nestor, tukashirikiana mpaka nilipostaafu. Nestor ni Mkristo, mtoto wa wakimbizi. Alikulia Tanzania, akarudi akiwa mtu mzima na Kiswahili cha redio. Mi nikisema "chumvi iko wapi," yeye anajibu, "Sema ipo wapi, Rama, chumvi si jengo." Tulibishana hivyo kila siku, na wateja walikuja nusu kwa nyama, nusu kwa ugomvi. Alikuwa hodari wa kukata. Angeweza kumtoa mbuzi mzima mifupani huku anakusimulia habari za mpira, na vipande vyote vinatoka saizi moja. Na hilo nalo mlijue: vipande visipolingana, kidogo kinakauka kikimsubiri kikubwa.

Kati ya wateja wetu alikuwepo muuguzi mmoja, Joselyne, aliyekuwa anapita jioni akitoka kazini hospitali. Mwanamke wa maneno machache, wa macho mengi. Siku moja nampa sahani, akaushika mkono wangu, hakuuachia.

"Papa Rama, hivi vinundu uko navyo tangu lini?"

"Tangu ujana. Hii ni mikono ya bucha."

"Nionyeshe visigino."

"Muganga, watu wako hapa wanakula!"

"Nionyeshe tu."

Nikavua kandambili. Akainama pale pale mbele ya wateja, akabana kwa vidole ule mshipa wa nyuma ya kisigino, unaopanda mguuni.

"Mushipa huu uko munene sana," akasema. Akainuka, akaniangalia machoni kwa karibu, kule kwenye ukingo wa jicho jeusi ambako nilikuwa na mviringo wa kijivu kama majivu. "Baba yako alikufa aje?"

"Alianguka."

"Akiwa muzee?"

"Hapana. Bado mtu wa nguvu."

Hakumaliza mshikaki wake. "Kesho asubuhi usikule kitu. Unakuja ku laboratoire, wakutoe damu. Usinidanganye, Papa. Usipokuja, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Nilikwenda, na Nestor nikamvuta naye akapimwe, kwa sababu nilimwamini Joselyne kuwa angekuja kweli.

Dokta aliyesoma majibu alikuwa kijana, mpole, hakuwa na haraka. Aliweka mikono yangu mezani kama mtu anayetazama vitambaa sokoni, akaanza kunieleza. Akasema mwili wa kila mtu unatengeneza kolesteroli, hata wa mtu asiyeonja nyama, maana una kazi nayo. Ikizidi kwenye damu, ini ndilo linaloipokea na kuiondoa, na ini lina milango ya kuipokelea.

"Wewe umezaliwa na nusu ya milango hiyo haifanyi kazi," akasema. "Kwa hiyo kolesteroli inabaki barabarani. Inajibandika kwenye kuta za mishipa ya moyo, mwaka baada ya mwaka, na nyingine inakwenda kukaa kwenye vidole na visigino. Vinundu hivi havikuletwa na shoka, mzee. Ni kolesteroli."

"Nani aliyefunga hiyo milango?"

"Hakuna mtu. Ulirithi. Inaonekana baba yako alikuwa nayo, naye aliitoa kwa mmoja wa wazazi wake. Mtu mwenye hali hii, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Anaweza kuipata, anaweza kuikosa. Na mmoja akiipata, hiyo haimkingi mdogo wake."

"Basi chakula hakina kosa!" nikasema. Nilifurahi kwa ajili ya mishikaki yangu.

Dokta akacheka. "Usikimbie. Kwako wewe, hata ukila maharage na mboga ya lengalenga peke yake, itashuka kidogo tu, haitatosha. Utahitaji kidonge kila siku, maisha yako yote. Lakini ukimeza kidonge huku unavuta sigara na kula mafuta, ni kama kuziba tundu moja la ndoo na kutoboa jingine. Na yuko mtu ambaye milango yake yote ni mizima, lakini anapakia mzigo mkubwa kila siku mpaka milango inashindwa. Wote wawili wanaweza kukutana hapa kwangu."

Vijana, nilitoka pale na hasira ambayo sijui niipe jina gani. Kumbe kile kitu tulichojivunia, kile baba alichowaonyesha wateja, ndicho kilichomwangusha. Na sisi tukakaa miaka tunatafuta mchawi. Sigara niliyokuwa nayo mfukoni niliitupa kwenye mtaro mbele ya hospitali. Nikasema kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekuwa anauza karanga akageuka: "Mi sianguki."

Nikampigia Issa simu Muyinga.

"Mkubwa wangu, njoo Gitega wakupime damu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Rama, we unanijua. Sivuti, sinywi. Natembea kwa miguu mpaka soko la ng'ombe na kurudi. Nyama nauza tu, kula yenyewe kidogo. Hiyo kolesteroli ni ya wenye vitambi."

"Baba alikuwa na kitambi?"

"Baba alirogwa," akasema. "Bon, nitakuja. Acha Ramadhani ipite."

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Kila nikipiga simu, bucha ina kazi. Halafu siku moja ya Ijumaa, anatoka msikitini na wenzake, akashika ukuta wa duka kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau. Akakaa chini taratibu. Wenzake walidhani anafunga viatu.

Nilimuosha kaka yangu kwa mikono yangu hii. Nilipofika kwenye vidole vyake, nililia mpaka binamu yangu akanipokea kata ya maji.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonifanya nisinyamaze tena.

Issa alikuwa na mke, Zuhura, na watoto wawili, Aisha na Hamisi, ambao walikuwa wameanza kukua. Zuhura alizaliwa Itaba, kwa wakulima Wakristo, alisilimu alipoolewa. Alikuwa mchapakazi, lakini kwa baadhi ya watu wetu aliendelea kuwa mtu wa kuja. Aliyeongoza hao alikuwa Shangazi Mwamini, dada yake baba, mwanamke mfupi anayeuza vitenge, mwenye sauti ya kusimamisha soko. Matanga yalipokwisha, akaita ukoo mzima sebuleni kwa Issa. Wanaume tulikaa kwenye mkeka upande mmoja, wanawake upande mwingine. Zuhura alikaa karibu na mlango wa jikoni, amejifunika.

"Kaka zangu wawili wamekufa kwa mambo ya watu," Shangazi akaanza. "Sasa Issa. Issa hajaumwa hata siku moja. Mi nauliza swali dogo tu. Ile asubuhi, alikunywa uji wa nani?"

Macho yote yakaenda mlangoni.

"Wangu," Zuhura akasema. "Na watoto walikunywa huo huo."

"Sumu iko na wenyewe. Wanajua kuiweka kwenye kikombe wanachotaka."

"Shangazi, mume wangu..."

"Atoke. Nyumba ni ya Shabani, bucha ni ya Shabani, watoto ni wa Shabani. Arudi Itaba kwa watu wake."

Nilimtazama Zuhura nikidhani ataanguka. Aliinua uso. Alikuwa amelia siku zote zile, lakini wakati ule macho yalikuwa makavu.

"Niko ndani ya eda," akasema. "Mume wangu bado mbichi kaburini na mi nimekatazwa kutoka humu. Anayetaka kunitoa aje anibebe, aende akamueleze Mungu. Na kitu kingine. Kila Idi munajaa humu ndani. Munakula mpaka munalala kwa mkeka. Mi ndiye ninapika. Sumu yangu inachagua?"

Watu wakanung'unika. Hapo nikasimama, nikawaeleza habari za milango ya ini, za damu, za vinundu. Nilieleza vibaya, ninakiri. Shangazi hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Gitega imekuharibu, Rama. Damu yetu ni safi. Unaitukana damu ya baba yako ili kumwokoa huyu?"

Na wanaume wakatikisa vichwa pamoja naye. Nitawaambia kwa nini. Mchawi ni wa nje. Ukiambiwa umerogwa, unamchukia jirani, unalala. Ukiambiwa iko ndani ya damu yako, hutalala, kwa sababu utaanza kujihesabu na wewe.

Ikaadhiniwa alasiri. Tukatoka uani kutawadha. Shangazi Mwamini alikaa kwenye kigoda karibu na pipa, akapandisha gauni kidogo, akaanza kujimiminia maji ya birika miguuni. Mi nilikuwa nyuma yake nikisubiri birika. Nikaona visigino vyake. Ile mishipa ya nyuma ilikuwa imevimba, na kwenye mguu wa kulia palikuwa na nundu kubwa kuliko kokwa ya tende.

Nilisali, Mungu anisamehe, sikumbuki nilichosoma.

Tuliporudi sebuleni sikukaa.

"Shangazi, nitakuuliza jambo mbele ya watu. Unisamehe kwa heshima yako."

"Uliza."

"Visigino vyako viko hivyo tangu lini?"

"Visigino vyangu vimeingiaje hapa?"

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu zamani. Tangu sijaolewa. Hata mama yangu alikuwa navyo. Ni alama ya kwetu."

"Zuhura alikuwa amezaliwa?"

Shangazi akageuza uso dirishani.

"Basi aliyekuwekea wewe ni nani?" nikauliza. "Na aliyemwekea bibi? Baba alikuwa navyo mikononi, mnakumbuka wote, alikuwa anajisifu navyo. Issa alikuwa navyo. Tulimuosha pamoja, binamu yangu yuko hapa, aseme kama nadanganya. Na mimi hivi hapa."

Nikakunja ngumi nikaiweka mbele yao. Binamu yangu akatazama ya kwake. Kisha mwingine. Nikawaona wanaume wazima, wafanyabiashara, wanakunja ngumi mmoja mmoja juu ya mkeka, kila mtu anageuza mkono wake kwenye mwanga wa dirisha. Baadhi walikuwa laini, wakashusha pumzi. Watatu hawakushusha. Upande wa wanawake, Shangazi Mwamini alivuta miguu yake akaificha chini ya khanga.

Hakuomba msamaha. Alisimama, akachukua mtandio wake, akaenda nyumbani kwake. Lakini habari ya kumtoa Zuhura haikutajwa tena na mtu yeyote, siku ile wala baadaye, na eda ilipokwisha, bucha aliendesha Zuhura mwenyewe. Nendeni Muyinga mkamuone anavyopima nyama. Hapunji na hapunjwi.

Watu walipotawanyika, Zuhura aliniita.

"Shemeji, umeniokoa mimi. Sasa niambie. Watoto wangu?"

Nilikuwa naliogopa swali hilo kuliko ukoo mzima.

"Ni lazima wapimwe."

"Eda inanifunga mimi, haiwafungi wao. Kesho uwachukue."

Nikaja nao Gitega. Hamisi alikuwa mla nyama wa kutisha, anaweza kusafisha mfupa mpaka mbwa akakata tamaa. Dada yake Aisha alikuwa wa maharage na mboga, akiletewa nyama anaisukumia upande wa kaka yake. Njiani nilijiambia, kama mmoja anayo, ni Hamisi. Majibu yakatoka. Hamisi, hana. Aisha, anayo.

Yule msichana aliisoma karatasi ya majibu mara mbili. Halafu akamgeukia Joselyne, "Kwa hiyo mi ningekula tu hiyo nyama?"

"Hapana, mama," Joselyne akamwambia. "We ulikuwa unausaidia moyo wako bila kujua. Na tumekujua mapema. Baba yako hakuwahi kupimwa. Utameza dawa, utacheza, utasoma, utaolewa ukitaka. Ukifikiria kuzaa, uje kwanza tuongee, kwa sababu dawa zingine haziendi na mimba."

"Na watoto wangu?"

"Nusu kwa nusu. Watapimwa na wao, na watatibiwa na wao."

Aisha akafikiri. "Sawa," akasema. "Basi hii kitu itachoka yenyewe kunifuata." Sijawahi kumsikia mtu mzima akisema neno la maana zaidi ya hilo.

Mimi nikarudi jikoni, nikaanza vita na wateja wangu. Kile kipande cha mafuta cha juu nilikiondoa. Badala yake nikaloweka nyama kwa vitunguu saumu, ndimu na pilipili ya kusaga tangu asubuhi. Inalainika vizuri hata bila mafuta, jaribuni. Mafuta ya kukaangia ndizi nikakataa kuyarudia rudia mpaka yawe meusi. Chumvi nikaipunguza, kwa sababu mafuta yanaziba mishipa na chumvi inapandisha presha, nao ni marafiki wakubwa. Pembeni ya sahani nikaweka maharage na lengalenga.

Kelele zilizolipuka! "Rama anatuletea chakula cha hospitali!" Mteja mmoja dereva alirudisha sahani akasema amekuja kula, hajalazwa. Nikamwambia hapa ni kwangu. Anayetaka mafuta aende ng'ambo ya barabara, majirani wanachoma, wala sitamfuata. Wengine walikwenda. Wengi walirudi kwa ajili ya ndimu.

Nestor hakunipinga, na hilo lilipaswa kunishtua mapema. Kumbe mafuta yote niliyokuwa nakata, yeye alikuwa anayakusanya na kuyakaanga kwa chumvi, anakula na bia yake, sigara mkononi. Nilipomfuma, alicheka.

"Rama, mimi nilipimwa pamoja na wewe. Dokta alisema sina ule urithi wenu. Milango yangu ni mizima. Wacha niitumie."

Alianguka njiani akitoka Buraza kuchukua makaa, kifua kimebana, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Wakulima walimpakia kwenye gari la mihogo mpaka hospitali. Alipona, lakini hakuweza tena kubeba gunia wala kupanda kilima bila kusimama. Nilimkuta kitandani, midomo myeupe.

"Ulisema milango yako ni mizima," nikamwambia. Nilikuwa nataka kumpiga na kumkumbatia.

"Ni mizima," akasema kwa ile sauti yake ya redio. "Mimi sikurithi kitu chochote, Rama, hata shamba. Ugonjwa huu nimeujenga kwa mikono yangu mwenyewe."

Basi ndiyo hayo. Mmoja hakugusa sigara wala pombe maisha yake yote, akaanguka. Mwingine hakurithi kitu, akaanguka. Atakayekwambia ni damu tu, kwa hiyo kula utakavyo, mpeleke kwa Nestor. Atakayekwambia ni ulafi tu, kwa hiyo wembamba wako salama, mwonyeshe kaburi la Issa. Na atakayekwambia ni uchawi, muulize kwa nini mchawi anapita kwa baba, mwana na mjukuu na hakosei nyumba. Kama kwenu kuna watu walioanguka mapema, ulizeni walianguka vipi. Tazameni mikono ya wazee wenu mnapowasalimia, ingawa wengine hawana vinundu na damu yao imejaa kolesteroli vile vile. Nendeni mkapimwe. Mimi nimeishi kupita umri wa baba, wa baba mkubwa na wa Issa, na kila asubuhi nikimeza kile kidonge nasikia raha ya mtu aliyemnyima mwizi ufunguo.

Shangazi Mwamini alikataa kupimwa miaka na miaka. Na aliishi, nisiwafiche. Mambo haya hayana ratiba, na wanawake mara nyingi yanawachelewea. Wakaanza kumtaja kama ushahidi dhidi yangu. Mpaka kifua kikaanza kumbana akipanda ngazi za duka lake. Watoto wake wako mbali. Aliyemleta Gitega, akimshika mkono kwenye basi mpaka hospitali, alikuwa Zuhura.

Niliwakuta wamekaa kwenye benchi, bila kusemeshana. Joselyne, ambaye naye sasa anakaribia kustaafu, alitoka na majibu na dawa.

"Nani anamulinda huyu mama? Nani nitamufasiria dawa?"

"Mimi," Zuhura akasema.

"Uko nani kwake?"

Zuhura alifungua mdomo, akasita. Ni kweli, neno lilikuwa gumu kupatikana. Shangazi Mwamini akatangulia kujibu, akiangalia ukuta.

"Huyu ni mtoto wangu."

Zuhura akapokea vidonge kwa Joselyne, akasikiliza maelezo mpaka mwisho, akauliza mara mbili kuhusu saa ya kumeza. Kisha akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka mkononi mwa yule mama mzee.

"Haya, meza kwanza," akamwambia. "Mambo ya utoto tutaongea nyumbani."